Kuwahesabu Usiowaona

Msitu wa Namacubi, ulio bara kidogo kutoka Quiterajo, hauna ukuu wa misitu ya Kongo. Miti yake si mirefu sana, mingi hupukutisha majani kiangazi, na chini yake vichaka vimeshikana kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama. Umeota juu ya mchanga mwekundu wa zamani, uliotandazwa kabla pwani ya Cabo Delgado haijapata umbo ililo nalo leo. Mto Messalo unaingia baharini karibu na hapo, na kati ya mikoko ya mdomo wake na vichaka hivyo vya bara yapo mashamba ya mihogo na mahindi ya Wamwani, watu wa pwani ambao Kiswahili na lugha yao ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 2008 na 2009 wataalamu wa mimea walipiga kambi huku. Walitoka Bustani ya Kew ya Uingereza, Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili ya Paris, shirika la Pro-Natura International na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Msumbiji. Jonathan Timberlake na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2011, wakijumlisha safari tano zilizofanyika katika misitu ya namna hii tangu 2003, walikuwa na orodha ya mimea 738. Kati ya hiyo, 68 haikuwahi kuandikwa Msumbiji, na 36 haikujulikana na sayansi hata kidogo. Kwa picha za satelaiti walikadiria kwamba msitu mkavu wa pwani ya Cabo Delgado, ambao zamani ulienea takriban kilomita za mraba 6,087, wakati huo ulikuwa umebaki 1,182.

Ni kazi kubwa, na ninaiheshimu. Lakini mti hausikii hatua zako. Ukiufikia, upo, ukirudi mwakani, upo palepale isipokuwa shoka limekutangulia. Funo, swala mdogo wa vichakani, ana habari zako kabla hujamkaribia. Amesikia jani likikatika, amesimama kimya nyuma ya kichaka, na atakuacha upite. Mtu anaweza kutembea Namacubi asubuhi nzima akarudi na mnyama mmoja tu katika daftari lake, kima, tena kwa sababu kima walimpigia kelele. Aandike nini? Kwamba msitu una kima peke yao?

Wawindaji wa eneo hili wanajua kwamba sivyo. Watakutajia funo na paa, nguruwe pori, mbawala, kanu na fungo, komba wanaolia usiku, nyani wanaovamia mihogo, sange anayefukua majani makavu mchana kweupe, chui ambaye huonekana kwa nadra, na tembo ambao mkulima huwakumbuka kwa shamba lililofagiwa usiku mmoja. Kujua kwamba wapo ni elimu. Kujua wako wangapi ni elimu nyingine, na ndiyo inayotakiwa siku ya kuamua kama uwindaji unavumilika, kama kipande cha msitu kilichobaki kinatosha, au kama mwaka huu ni mbaya kuliko uliopita.

Ugumu wote unaanzia kwenye jambo moja. Idadi uliyoiona ni zao la namba mbili: wanyama waliopo, na uwezekano wa kila mmoja kuonwa. Ukiona funo kumi, huenda wapo ishirini na umeona nusu, au wapo mia moja na umeona mmoja katika kumi. Daftari lako litaonyesha kumi katika hali zote mbili. Anayetangaza hiyo kumi bila kuipima namba ya pili hajahesabu wanyama bado; amehesabu mikutano. Ninalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu taarifa nyingi za uhifadhi zinazosomwa redioni na kubandikwa ofisini huishia kwenye mikutano, kisha huitwa idadi.

Njia iliyozoeleka zaidi ya kuipima namba ya pili ni kutembea kwenye mkuza. Unachora mistari iliyonyooka juu ya ramani, unaiweka bila kupendelea mahali, unaitembea asubuhi taratibu, na kwa kila mnyama unayemwona unapima umbali wake kutoka kwenye mstari. Stephen Buckland, David Anderson, Kenneth Burnham na Jeffrey Laake waliiweka hesabu yake vizuri katika kitabu walichokitoa mwaka 1993, na programu ya kompyuta iliyotokana na kazi hiyo inatumika mpaka leo katika misitu ya tropiki.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haikudai uwaone wote. Inakudai umwone kila aliye juu ya mkuza wenyewe, kisha upime kwa uaminifu umbali wa kila uliyemwona pembeni. Kwa kuwa mistari imewekwa bila kuwafuata wanyama, walio mita ishirini kutoka mkuzani ni wengi sawa na walio mita mbili. Basi ukiwa umeona thelathini ndani ya mita tano za kwanza, na sita tu kati ya mita ishirini na ishirini na tano, pengo hilo halikuletwa na wanyama. Limeletwa na macho yako na vichaka. Ukilichora pengo hilo kwenye karatasi unapata mkunjo unaoshuka, na katika mkunjo huo wamo wale wote uliowapita bila kujua. Sijui hesabu nyingine ya nyikani inayonipendeza kuliko hii: wasioonekana wanakadiriwa kutokana na namna walioonekana wanavyopungua.

Tuchukue mfano. Timu imetembea jumla ya kilomita 100 za mikuza na kuona funo 60, kiasi ambacho waandishi wa njia hii wanakiona kuwa karibu na cha chini kabisa kinachofaa. Wanapendekeza 60 hadi 80. Umbali uliopimwa unaonyesha kwamba, kwa hesabu, timu ilikuwa inaona vyema mita 12 kila upande. Eneo lililotazamwa ni ukanda wa mita 24 kwa kilomita 100, yaani kilomita za mraba 2.4. Funo 60 kugawa kwa 2.4 ni 25 katika kila kilomita ya mraba. Sasa tuseme timu ilikadiria umbali kwa macho bila kifaa, ikaandika mita ishirini palipokuwa kumi na mbili. Eneo linakuwa kilomita za mraba 4, na funo wanashuka hadi 15. Msitu ni uleule na wanyama ni walewale, ila funo kumi kwa kila kilomita wamepotea kwenye kalamu.

Katika msitu wa Quiterajo vipimo hivyo vina adui mwingine, nao ni msimu. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Wakati huo majani yamejaa, macho hayapiti mita chache, lakini ardhi ni laini na mguu hauna kishindo. Ikifika Septemba miti imepukutika, unaona mbali, na kila hatua inavunja majani makavu. Funo anakusikia mapema, anaondoka kabla hujamwona, na hivyo sharti la kumwona kila aliye mkuzani linavunjika kimyakimya. Umbali unaoandika ni wa mnyama aliyekwisha kusogea. Kwa hiyo hesabu ya masika na hesabu ya kiangazi katika msitu huu ni za vyombo viwili tofauti, na kuziweka bega kwa bega ili kusema wanyama wameongezeka au wamepungua ni kosa hata kama kila moja ilifanywa kwa uangalifu.

Kisha kuna kishawishi cha njia za miguu. Vichaka ni vikali, panga linachosha, na njia zipo tayari. Lakini njia za Quiterajo zimekwenda kwenye maji, kwenye mashamba na kwenye mitego ya nyaya. Wanyama wanazijua kuliko mtafiti anavyozijua. Wengine wanazikwepa, na wengine, kama nguruwe pori, wanazitumia usiku. Ukihesabu njiani umehesabu njia. Mkuza unaofaa hukatwa kwa upana wa mtu mmoja tu, huachwa upumzike siku kadhaa kabla ya kutembelewa, na huzibwa mlango kazi ikiisha, maana mstari ulionyooka msituni ni zawadi kwa mtega nyaya.

Wapo wanyama ambao hata mkuza hauwafai, na hapo inabidi kuhesabu walichokiacha. Mdogo na mkubwa wa msitu huu wote wawili wamo katika kundi hilo, na kwa bahati ya pekee ni jamaa. Sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba ya nyuma, anafanana na panya kwa mbali, lakini ukoo wake wa kale uko karibu zaidi na tembo. Aina ya Msumbiji, Rhynchocyon cirnei, ilielezwa kisayansi na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1847, baada ya kuzunguka nchi hiyo miaka kadhaa. Ni mnyama wa mchana, mwoga na mwepesi. Mara nyingi unachopata ni mshindo wa mkia kwenye majani makavu.

Kule Kenya, binamu yake mwenye nyonga za rangi ya dhahabu alichunguzwa na Galen Rathbun katika magofu ya Gedi miaka ya 1970. Rathbun aligundua kwamba wanaishi dume na jike katika eneo lao, na kwamba hulala ndani ya viota vya majani chini kabisa, wakiwa navyo kadhaa na kuvibadilisha. Kiota hakikimbii. Mwaka 1994 Rathbun na Clare FitzGibbon walichapisha namna ya kuwakadiria sange kwa kuhesabu viota: pata viota vingapi vipo katika kilomita ya mraba, gawa kwa idadi ya viota ambavyo mnyama mmoja anakuwa navyo kwa wastani. Kwa kazi ya FitzGibbon, msitu wa Arabuko-Sokoke ulikadiriwa kuwa na sange yapata 20,000. Msitu ule, kama wa Namacubi, umo katika mkufu uleule wa misitu ya pwani unaoanzia Somalia na kuishia Msumbiji, na mbinu ile ingefaa huku pia kwa sharti moja: viota kwa kila mnyama vipimwe hapahapa. Huenda sange wa Quiterajo wana tabia nyingine, na majani ya miti mingine huoza kwa kasi nyingine. Kuazima namba ya Kenya ni kuhesabu sange wa Kenya katika msitu wa Msumbiji.

Tembo naye anahesabiwa kwa mavi. L. D. Wing na Irven Buss, waliochunguza tembo wa msitu wa Kibale nchini Uganda na kuchapisha mwaka 1970, waliona kwamba tembo huangusha samadi takriban mara 17 kwa siku. Ukijua pia kila rundo hudumu siku ngapi kabla ya kuoza na kutawanywa na mende, unaweza kurudi nyuma kutoka marundo hadi tembo. Tuseme kuna marundo 340 katika kilomita ya mraba, na kila moja hudumu siku 60. Tembo mmoja atakuwa na marundo 1,020 yanayoonekana kwa wakati mmoja, kwa hiyo tuna theluthi moja ya tembo kwa kilomita ya mraba, yaani tembo mmoja kwa kila kilomita tatu. Kama marundo yalidumu siku 90 kwa sababu mvua zilichelewa, basi ni mmoja kwa kila kilomita nne na nusu. Hapo hakuna tembo aliyehama wala kufa. Mende wamechelewa kazini tu. Anayetaka kuhesabu tembo kwa njia hii lazima aanze miezi kadhaa kabla, atie alama marundo mabichi, ayarudie mpaka ajue yanadumu siku ngapi katika mchanga ule na mvua ile.

Ndege haiwezi kumwondolea kazi hiyo. Kwenye nyika wazi hesabu za angani zimefanya mengi. Hesabu kuu ya tembo wa Afrika ya 2014 na 2015 ilikadiria 352,271 katika nchi 18, na ndiyo iliyowashtua watu wa Msumbiji: tembo wa nchi hiyo walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya 20,000 hadi takriban 10,300 katika miaka mitano. Lakini rubani akipita juu ya vichaka vya pwani anaona vilele vya miti. Tembo wachache wa misitu kama hii wanaweza kukosekana katika hesabu ya taifa zima, kisha kukosekana kwao kwenye karatasi kukachukuliwa kuwa ni kukosekana kwao duniani.

Je, haiwezekani kuwahesabu wote mmoja mmoja? Wakati mwingine inawezekana, na Zanzibar imeonyesha. Tim Davenport na wenzake wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori walipita Unguja kipande kwa kipande wakiwahesabu kima punju, kundi kwa kundi, na mwaka 2019 wakatangaza 5,862 katika makundi 342. Ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ilivyodhaniwa. Kima punju wana makundi yanayoonekana, hutembea mchana, na Unguja ina mwisho wake pande zote. Paa nunga wa kisiwa hichohicho hawakubali kuhesabiwa hivyo. Makadirio yao yalikuwa 5,000 mwaka 1983 na yapata 600 mwaka 1999. Kisiwa ni kimoja, na mnyama wa juu ya mti anahesabika pale ambapo wa chini ya kichaka anakadirika tu.

Kwa wanyama wa chini ya kichaka, chombo cha zama hizi ni kamera ya kutega, inayofungwa kwenye mti na kujipiga yenyewe kitu chenye joto kikipita. Imebadilisha ramani ya misitu yetu. Picha za kamera mwaka 2005 katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, zilimwonyesha sange asiyejulikana, mwenye uso wa kijivu; Francesco Rovero, Rathbun na wenzao wakamtangaza rasmi mwaka 2008. Mwaka 2010 kamera zilizowekwa katika msitu wa Boni, kaskazini ya Lamu, zilimleta sange mwingine aliyewachanganya wataalamu. Boni, msitu wa mpakani uliobanwa na vita, ni wa kulinganishwa na Quiterajo kuliko mwingine wowote ninaoufahamu. Watu walikuwa hawawezi kutembea mikuza kwa wiki nyingi huko. Kamera zilibaki zikikesha.

Lakini picha si idadi. Funo mmoja mzururaji anaweza kupigwa mara kumi, na wengine watano wasipite hapo kamwe. Chui na kanu wana madoadoa yasiyofanana, hivyo unaweza kumtambua kila mmoja na kuhesabu kwa kukamata na kukamata tena: ukiwatambua chui 12 mara ya kwanza, kisha 10 mara ya pili, na sita kati ya hao ni wa mwanzo, makadirio ni 20. Funo hana madoadoa. Paa hana, na sange hawatofautiki kwa picha ya sekunde moja.

Mwaka 2008 Marcus Rowcliffe wa Shirika la Zuolojia la London, pamoja na wenzake, walitoa njia ya kuepuka kuwatambua. Waliazima hesabu ya wanafizikia kuhusu chembe za gesi zinavyogongana: kama wanyama wanatembea bila kuifuata wala kuikwepa kamera, idadi ya mikutano inategemea wako wangapi, wanatembea kasi gani, na kamera inaona umbali gani na kwa pembe gani. Tuseme kamera inapata picha moja ya funo kila siku kumi, funo anatembea kilomita nne kwa siku, na kamera inaona mita nane kwa pembe ya digrii 40 hivi. Hesabu inatoa funo 3.6 kwa kilomita ya mraba. Kama vichaka vinaizuia kamera isione zaidi ya mita nne, ni 7.3. Umbali wa macho ya kamera ukikosewa kwa nusu, wanyama wanazidishwa mara mbili. Ndiyo maana timu nzuri hutumia saa nzima kwenye kila mti: mtu anatambaa mbele ya lenzi kwenye mita moja, mbili, tatu, hadi kamera inyamaze, na vipimo vinaandikwa kabla kamera haijaachwa kufanya kazi.

Urefu wa kufunga nao una maana. Mvuvi wa Quiterajo anajua kwamba wavu wa macho makubwa haumwambii chochote kuhusu dagaa. Kamera iliyofungwa usawa wa kiuno itampata mbawala na kumkosa sange. Mwaka 2009 Rovero na Andrew Marshall walilinganisha kasi ya picha za funo wa Udzungwa na hesabu za mikuza, na wakaona vinaendana vizuri. Hilo linatia moyo, ila linaendana kwa sababu kamera na mikuza vilikuwa mahali pamoja kwa utaratibu mmoja. Nikiona taarifa inayolinganisha kasi ya picha za misitu miwili yenye vichaka tofauti, siiamini.

Sasa tuje kwenye miaka ya karibuni, ambayo imefanya haya yote kuwa magumu na ya lazima kwa pamoja. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia, kaskazini ya Quiterajo, na vita vikaenea. Quiterajo nayo ilishambuliwa; watu wake walikimbilia visiwani, mji wa Pemba wa mkoa huohuo na kwingineko, sehemu ya karibu watu milioni moja waliohama makwao katika mkoa. Katikati ya hayo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyohiyo na kuacha wilaya ya Macomia ikiwa imevunjika. Kuzungumzia wanyama baada ya mambo kama hayo kunaweza kuonekana kukosa adabu. Sioni hivyo. Anayerudi kwenye kijiji kilichochomwa anarudi pia kwenye msitu uliompa kuni, dawa, asali na kitoweo, na ana haki ya kujua umebaki na nini.

Watu hupenda kusema kwamba vita humwokoa mnyama kwa kumwondoa binadamu. Gorongosa, katikati ya Msumbiji, inakanusha: tembo 2,542 waliohesabiwa mwaka 1972 walikuwa 242 mwaka 2000, baada ya miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambapo pembe na nyama vililisha majeshi. Wengine hupenda kusema kinyume, kwamba vita humaliza kila kitu. Kwa msitu wa vichaka vyenye sange na funo, kauli zote mbili ni za haraka. Nyaya zinaweza kupungua mtegaji akihama na kuongezeka mahali alipohamia. Mashamba yaliyoachwa yanageuka vichaka vichanga vyenye majani mororo, na funo wanasogea huko kutoka msituni. Hesabu ya ndani ya msitu itaonyesha upungufu ambao ni uhamisho tu.

La hatari zaidi kwa mhesabu ni hofu ya mnyama. Funo ambaye hajaona mtu wala mbwa kwa miaka mitatu anatembea mchana, anapita njia wazi, anasimama kutazama. Kamera ileile, kwenye mti uleule, itapata picha mara mbili. Mtu atakuja na mchoro unaopanda na kusema wanyama wameongezeka maradufu, na huenda hakuna hata mmoja aliyeongezeka. Kilichoongezeka ni uwezekano wa kuonwa. Kisha watu wakirudi, mapanga yakasikika tena, picha zitashuka, na lawama zote zitawekwa kwa wakimbizi waliorejea. Natamani kila mtu atakayesimamia kazi ya Quiterajo alifikirie hilo kabla ya kuandika sentensi yake ya kwanza, kwa sababu kutokana na mchoro kama huo familia zinaweza kuambiwa zisilime palipo makaburi ya babu zao. Kimbunga nacho huangusha matawi na kufungua mwanga, vichaka huzidi chini, na umbali wa macho uliopimwa kabla yake hautumiki tena.

Kwa hiyo ningependa kazi ianze kwa kupima vichaka kabla ya kumtafuta mnyama yeyote: mtu mmoja anasimama mkuzani, mwingine anarudi nyuma na ubao wa rangi mpaka upotee machoni, katika sehemu nyingi, masika na kiangazi. Baadaye mikuza, kamera na marundo vitumike pamoja, na kila kadirio litolewe na upana wa shaka yake. Ukisema funo wa Namacubi ni kati ya 1,400 na 3,100, umesema kitu. Ukisema ni 2,083, umemficha msomaji yale unayoyajua kuhusu udhaifu wa kipimo chako. Na takwimu mbichi, umbali wa kila mnyama na kimo cha kila kamera, zibaki mahali wanafunzi wa mkoa wanapoweza kuzifikia, kama kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Lúrio lililopo Pemba, si katika kompyuta ya mgeni peke yake.

Linabaki swali la nani atembee. Mara nyingi wanafunzi wa chuo hutembea mbele na mwindaji wa zamani huajiriwa kubeba maji na kuonyesha njia, na anayoyaona hayaandikwi kwa kuwa hajafundishwa fomu. Kuna namna bora. Watembee wawili kwenye mkuza mmoja, wa pili akiwa nyuma kidogo, kila mmoja akiandika au kurekodi kwa sauti bila kumwashiria mwenzake. Tuseme mwindaji ameona wanyama 30, mwanafunzi 25, na 20 wameonwa na wote wawili. Katika wale 25 wa mwanafunzi, mwindaji aliwapata 20: uwezekano wake wa kuona ni asilimia 80. Katika wale 30 wa mwindaji, mwanafunzi aliwapata 20: wake ni asilimia 67. Waliopita mbele yao wote ni 37 au 38, na wawili au watatu hawakuonwa na yeyote. Jicho la mtu wa Quiterajo limeingia kwenye hesabu kwa namba yake, nalo linaweza kulipwa kwa thamani yake.